Nimevuka bahari kutoka Pemba kuja kutolewa mashindanoni kwa kurushiwa sarafu ya mia mbili. Waandaaji, rudisheni pesa zetu!

Assalaam alaykum wakuu.

Nimengoja siku tatu nisije nikaandika maneno ya kujutia. Leo nimeamka hasira iko pale pale, basi naimwaga hapa. Jina la waandaaji silitaji. Wenyewe wanajijua, na mliokuwemo ukumbini mnawajua.

Mie ni wa Wete. Tangazo nililipata kwenye magrupu ya WhatsApp: mashindano ya FC 25, lile gemu la mpira la kampuni ya EA, Unguja, mashine za PS5 nane, wachezaji 48, kiingilio elfu ishirini, mshindi laki tano na kikombe, kuanza saa 3 kamili asubuhi. Nikatuma pesa kwa simu siku ile ile maana tuliambiwa nafasi zinaisha. Mwezi mzima nikalala na kuamka na Real Madrid ya Mbappé. Kibandani kwetu pana PS5 moja tu, na mwenyewe akawa ananipa saa nzima bure kila baada ya Isha, anasema nikirudi na kikombe tutakiweka juu ya friji ya soda. Ijumaa nikashuka Mkoani, nikapanda boti, nikafikia kwa shangazi Kwahani. Aliponiuliza kilichonileta nikamwambia mashindano ya mpira. Akaniangalia miguu. "Na njumu ziko wapi?"

Jumamosi saa 2 na nusu niko mlangoni. Kufuli. Saa 3 kufuli, saa 4 kufuli, tumejaa kibarazani kama tunasubiri maiti itolewe. Saa 5 kasoro ikaja kirikuu na televisheni tatu zimeviringishwa mablanketi. Nikajua nyengine ziko njiani. Hazikuwa njiani wala hazikuwa nyumbani, hizo tatu ndiyo mashindano yenyewe. PS5 hata moja hamna. PS4 tatu, mbili zina FC 24, na ya tatu, jamani, ina FIFA 22.

FIFA 22 ni ya mwaka 2021! Humo Haaland bado yuko Dortmund, na Messi yuko PSG pamoja na Neymar na Mbappé. EA na shirikisho la FIFA wenyewe walishaachana, jina la FIFA likaishia toleo la 23, yaliyofuata ndiyo FC, wao bado wanatuwekea 22. Tukalalamika, jamaa mmoja mwenye kitambulisho shingoni akatujibu "yote si mpira tu?" Sawa, yote mpira. Hata bao na keram vyote vinachezwa kwa kukaa.

Sasa naomba mnisaidie hesabu, maana mie skuli nilifika kidato cha nne tu. Watu 48 kwa mtoano ni mechi 47. Kwa vipindi vya dakika sita sita, ukiweka na kuchagua timu na kusimama simama, mechi moja haipungui dakika 18. Hiyo ni saa 14 za mchezo. Ukigawa kwa televisheni nane unamaliza kabla ya Adhuhuri. Ukigawa kwa tatu ni karibu saa tano bila mtu kwenda hata msalani. Na mechi ya kwanza imeanza saa 8 mchana! Hesabu hii haitaki kompyuta. Ilitaka mtu mmoja akae chini na kalamu kabla ya kupokea pesa za watu.

Dawa yao ikawa kukata vipindi: dakika nne nne, na baadaye nikasikia ikafika tatu. Wenzangu mnaocheza mnajua dakika tatu ni nini. Anayefunga wa kwanza anaushika mpira nyuma mpaka filimbi.

Kuna hili la droo pia, silipiti. 48 si 64, kwa hiyo raundi ya kwanza lazima watu 16 wapite bila kucheza. Hilo halina ubishi, hesabu ndivyo ilivyo. Lakini hao 16 wanapatikana vipi? Kwa kura, mbele ya watu. Sie tulikuta karatasi ya manila imeshabandikwa ukutani, majina yameshaandikwa kwa maka pen, na waliopita bure wengi wanaitana majina ya utani na waandaaji. Nikauliza droo imefanyika lini. "Jana usiku." Wapi? Akageuka kurekebisha waya.

Nikaitwa saa 10 na nusu, televisheni ya tatu. Ndiyo, ile ya FIFA 22.

Mie nimelelewa na PES, gemu jengine la mpira, ambako kitufe cha mraba ndiyo shuti. Kwa hawa EA shuti ni duara, mraba ni krosi, lakini kwenye mipangilio pana chaguo la kuvigeuza, sekunde kumi umemaliza. Nikaomba. Kijana msimamizi akaniambia, "Yakhe hatuna muda, cheza hivyo hivyo." Dakika ya 9 Mbappé kabaki na kipa uso kwa uso, kidole kikaenda chenyewe kwenye mraba. Mpira ukapaa taratibu, ukavuka goli zima, ukatua upande wa pili ambako hapana hata kivuli cha mtu. Ukumbi ulicheka mpaka mzee wa kuuza maji akasogea kuangalia. Ningekuwa mtazamaji ningecheka pia.

Pedi yenyewe wenzo wa kushoto umekufa, beki wangu anatembea kuelekea chaki hata nikiwa nimenyanyua kidole. Televisheni haijawekwa gemu modi, unabonyeza pasi, unapata nafasi ya kujuta, ndiyo mpira unatoka. Nikafungwa moja. Nikatulia, nikaacha kukimbiakimbia, nikawa napiga pasi fupi tu. Neymar akarudisha. Dakika ya 71 kona, kichwa, 2-1.

Dakika ya 78 umeme ukakatika.

Umeme kukatika silaumu mtu. Umeme wa visiwa hivi unakuja kwa waya chini ya bahari, na wa Unguja wanaikumbuka 2009 kuingia 2010, miezi mitatu ya kibatari. Ndiyo maana ukikusanya watu 48 na mashine zisizo na betri unakuja na jenereta. Na jenereta lilikuwepo! Liko uani, jekundu, zuri. Halina mafuta. Akatumwa mtu na dumu, umeme ukarudi wenyewe baada ya dakika arubaini, mwenye dumu bado hajaonekana.

Mchezo ukishazimika hivyo kila mtu anajua cha kufanya: matokeo yanabaki, mnawasha, mnacheza dakika zilizosalia. Zilisalia 12. Kwa vipindi vya dakika nne, dakika 12 za kwenye skrini ni kama dakika moja ya saa ya ukutani. Dakika moja! Mpinzani wangu, kijana wa Jang'ombe, Mungu ampe kheri, akasema mbele ya wote, "Alikuwa ananiongoza mbili moja, tumalizieni." Msimamizi akasema mechi imefutika, kurudia hakuna, tutarusha shilingi.

Akatoa mia mbili mfukoni. Karume au simba? Nikasema Karume, ningesema nini mwengine. Akarusha, haikudakwa, ikaanguka kwenye mkeka, ikabingiria ikaegemea waya wa ekstensheni, imesimama kwa ubavu. Wallahi nimeiona kwa macho yangu, imesimama. Yeye akainama, akaiokota, akaifungia kiganjani, akatangaza: "Simba."

Nikasema rusha tena. Akaniambia, "Bwana mdogo, kubali kushindwa."

Kushindwa nakubali. Nimeshafungwa saba na mtoto wa darasa la sita pale Wete na nikamnunulia soda. Lakini kushindwa na nani hapa? Na simba wa kwenye sarafu?

Sikungoja fainali. Aliyebaki kanieleza kuwa imechezwa saa 2 usiku, na bingwa kapewa kikombe na laki moja na nusu mkononi, zilizobaki atatumiwa. Kama ameshatumiwa aje hapa aseme, nitafuta mstari huu na kuomba radhi. Elfu ishirini mara 48 ni laki tisa na elfu sitini, na watazamaji walilipa elfu mbili mbili mlangoni. Televisheni walizikodi tatu. Mafuta hawakununua.

Nnachotaka si kikombe. Nataka elfu ishirini yangu, na kila aliyecheza kwenye FIFA 22 arudishiwe yake, kwa sababu tulilipia FC 25. Boti na kilo ya tende niliyomchukulia shangazi siwadai. Mlioingia kwenye mashindano yale wekeni hapa mlitolewa vipi. Nasikia yupo aliyetolewa kwa sababu alikwenda kuswali Magharibi, nataka nimsikie mwenyewe.

Nyongeza, jioni: Mmoja wao kaniandikia pembeni. Anasema "mdogo wangu, futa ule uzi, mashindano yajayo utaingia bure." Nikamuuliza na nauli ya boti? Akasema hilo tutaongea. Nikamtumia ujumbe wa muamala wangu wa elfu ishirini, wenye tarehe na saa. Tiki mbili za buluu zimetokea pale pale, na mpaka naandika hapa hajajibu.