Laptopu ya bimkubwa inalia "virusi" kila ikiwashwa, na kuna mtu anataka kuingia kwa mbali. Ampe?

Mtoto wa Mwisho:

Wakuu, habari za muda huu. Bimkubwa yuko mbali nami na laptopu yake imeanza vituko. Ni Windows 11. Akiiwasha tu, kule chini kulia vinachomoza visanduku: "Kompyuta yako ina virusi 5", "Ulinzi wako unaisha leo", vingine vina ngao nyekundu. Akifuta kimoja kinakuja kingine. Juzi kimoja kilijaa skrini nzima, kikapiga king'ora huku sauti ikimsomea namba ya simu apige haraka kabla mafaili hayajafutwa. Akachomoa waya wa chaji akijua itazima. Betri ilikuwa imejaa, kwa hiyo kelele ziliendelea kama kawaida. Nashukuru hakupiga ile namba, alinipigia mimi.

Antivairasi anayotumia ni ile iliyokuja na Windows. Nilimwelekeza kwa simu akaiskani, ikasema hakuna kitu. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa: haina kitu, na bado inapiga mayowe?

Sasa kwenye grupu lao kuna mtu, hamjui hata kwa sura, kamwambia aweke AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali, amtumie namba zitakazotokea, kisha aweke nenosiri la kudumu "ili nikusafishie hata usiku ukiwa umelala". Bimkubwa kaniuliza kama ampe. Naombeni ushauri, na kama ni mimi wa kuingia, naingiaje wakati kwa mama kivinjari, Google na intaneti ni kitu kimoja?

Kobe wa Kale:

Piga Windows upya mambo yaishe. Hayo mengine ni kumaliza bando bure.

Dada wa Nyaya:

Kobe, taratibu. Mama yuko peke yake huko, nani atamhifadhia picha zake kabla ya hiyo Windows yako mpya?

Mtoto wa Mwisho, mwambie mama akipige picha kwa simu kisanduku kimoja akutumie. Usisome maandishi makubwa, hayo yamewekwa ya kutisha. Kuza picha utafute maandishi madogo: ukikuta jina la kivinjari pamoja na anwani ya tovuti isiyoeleweka, basi anayesema si Windows wala antivairasi, ni tovuti. Kuna siku ukurasa fulani ulimwambia abonyeze "Ruhusu" kuthibitisha kuwa yeye si roboti, akabonyeza. Kuanzia hapo tovuti hiyo ina kibali cha kumtumia arifa muda wowote, hata akiwa hajaifungua. Antivairasi itakamata nini hapo? Hakuna faili, kuna ruhusa tu. Kama anatumia Chrome, pale juu panapoandikwa anwani aweke chrome://settings/content/notifications, kwenye Edge ni edge://settings/content/notifications, aziondoe zote asizozijua. Kelele za pembeni zitakata.

Kile kilichojaa skrini nacho ni ukurasa wa wavuti uliojitanua. Ashikilie Esc kwa muda. Ikigoma, abonyeze Ctrl+Shift+Esc, itatokea orodha ya programu zilizofunguliwa (Task Manager), achague kivinjari akifunge kwa nguvu. Akikifungua tena kikamuuliza kama arudishe kurasa alizokuwa nazo, akatae, la sivyo atarudishiwa ule ule. Kuhusu namba ya simu, Microsoft wenyewe wanasema ujumbe wao wa hitilafu hauwi na namba ya kupiga. Ukiiona, umeshamjua mwenye ujumbe.

Sasa huyo wa grupu. Hapana, na hapana tena. AnyDesk ni programu halali, hata mimi naitumia kazini karibu kila siku. Tatizo ni nenosiri la kudumu mkononi mwa mtu msiyemjua. Mimi mteja wangu namtaka akae mbele ya skrini aone kila ninachogusa, kwa usalama wake na wangu. Anayetaka uwe umelala ana sababu zake.

Michezo yao haibadiliki sana. Mtu anakufungulia Event Viewer, daftari la matukio ya Windows, anakuonyesha alama nyekundu na njano zilizojipanga, anakwambia hivyo ndivyo virusi vyako. Kila Windows inazo, hata iliyo nzima kabisa. Ni kumbukumbu za mfumo, mara programu imechelewa kufunguka, mara huduma fulani haikuanza. Mwingine anafungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la amri, anaandika assoc, orodha inashuka, na karibu na mwisho kuna namba ndefu inayoanza na 888DCA60. Anakusomea tarakimu moja moja, polepole, kisha anakwambia hiyo ni namba ya kompyuta yako peke yako, ameijuaje kama si mtu wa Microsoft? Fungua yako sasa hivi uangalie. Ni ile ile kwenye Windows zote duniani. Nikiri kwamba mchezo huo umetungwa kwa akili.

Ingia wewe mwenyewe. Windows ina Quick Assist, programu yake yenyewe ya kumsaidia mtu kwa mbali. Mama abonyeze Ctrl, kitufe cha Windows na Q kwa pamoja, iko tayari. Wewe kwako unaingia kwa akaunti ya Microsoft, unachagua kusaidia mtu, unapewa msimbo, unamsomea kwa simu. Msimbo unakufa baada ya dakika 10, kwa hiyo usiutoe wakati bado anatafuta miwani. Yeye hahitaji akaunti. Mwanzoni unaona tu. Ukitaka kushika kipanya unaomba, naye anakubali. Akifunga, umetoka, hakuna mlango unaobaki wazi.

Jambo moja linawasumbua wengi: ukigusa kitu kinachohitaji ruhusa ya msimamizi, kwako skrini inakuwa nyeusi. Haijakatika. Kwake kumetokea swali la ndiyo au hapana ambalo wewe huruhusiwi kuliona. Usikate simu mpaka mmalize.

Mtoto wa Mwisho:

Dada, ubarikiwe. Ni vile vile ulivyosema, maandishi madogo yalikuwa na anwani ya ajabu, na orodha ya tovuti zilizoruhusiwa ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea. Tumeziondoa, kimya. Na skrini nyeusi imetokea kweli, nikamsikia mama kwenye simu: "Ananiuliza kama namwamini, nimjibu nini?"

Ila nilipokuwa humo nikapitia mipangilio ya Windows Security, ndiko iliko ile antivairasi ya Windows. Kwenye Exclusions nimekuta C:\ nzima, yaani diski yote yenye Windows. Mama hajui hata sehemu hiyo ipo. Anachokumbuka ni kwamba kuna kijana aliwahi kumwekea programu ya kuhariri picha, ile ya kulipia, kwa njia ya bure.

Dada wa Nyaya:

Hiyo sasa ni kesi nyingine kabisa, na ni nzito kuliko zile kelele. Exclusions ni orodha ya sehemu ambazo antivairasi imeambiwa isiziangalie. Ikiwa C:\ nzima imo, ule uchunguzi uliosema hakuna kitu haukuchunguza kitu. Programu za kuvunja leseni mara nyingi huja na maelekezo ya kuzima ulinzi kwanza, au zinajiandika zenyewe kwenye orodha hiyo.

Futa hiyo C:\ kwenye orodha. Kisha, pale pale kwenye chaguo za kuskani, chagua ule wa Offline. Kompyuta itajizima na kuwaka kwenye skrini nyingine kabla Windows haijaamka, ili mdudu asipate nafasi ya kujificha. Huchukua kama dakika 15, na Quick Assist itakatika, kwa hiyo mweleze mama mapema asije akachomoa tena waya. Ikimaliza, majibu yapo Protection history. Angalia Exclusions tena pia: kama C:\ imerudi yenyewe, kuna kitu bado kinafanya kazi humo ndani.

Wakati hiyo inaendelea, abadilishe manenosiri kwa simu yake, siyo kwa laptopu hiyo. Aanze na barua pepe, kisha benki. Na abonyeze "Sign out" ya vifaa vyote, akaunti zifungwe kila mahali, kwa sababu wadudu wa aina hii huiba vidakuzi vya kivinjari, vile vijifaili vinavyokumbuka kwamba umeshaingia, na mwizi mwenye kidakuzi anaingia bila kuulizwa nenosiri.

Mtoto wa Mwisho:

Imekamata Trojan, zile programu hasidi zinazojifanya za kawaida, zaidi ya moja. Exclusions imerudi.

Kobe wa Kale:

Nilisema.

Dada wa Nyaya:

Haya Kobe, chukua pointi zako. Hapo ni Windows upya. Ahifadhi picha na nyaraka tu, asibebe faili lolote la kusakinisha, hasa hiyo programu ya picha. Kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Reset this PC, chagua kuondoa kila kitu, na Cloud download, ili Windows ishushwe mpya kutoka Microsoft badala ya kujengwa kwa mafaili yaliyopo. Bando litaliwa, gigabaiti kadhaa. Mwulize pia kama ile AnyDesk alishaiweka na namba akazituma. Kama ndiyo, azime intaneti sasa hivi kabla ya yote hayo.