Menyu ya simu inajificha nyuma ya slaida, naombeni ushauri

Wakuu habarini, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na CSS (lugha ya kupanga muonekano wa tovuti). Natengeneza tovuti ya duka la vitambaa, kwenye kompyuta menyu iko poa kabisa, shida ni simu, ukibonyeza ile batani ya mistari mitatu menyu inafunguka ila inaingia nyuma ya slaida ya picha, linki mbili za juu tu ndo zinaonekana.

Nimeweka z-index (namba ya kupanga kipi kikae juu ya kingine) 9999, wapi, haisogei hata kidogo. Ninavyohisi mchawi ni transform (amri ya CSS ya kusogeza kitu) niliyoiweka kwenye heda, ile sehemu ya juu ya ukurasa yenye menyu ndani yake, ili ishuke taratibu ukurasa ukifunguka, maana hiyo inatengeneza tabaka lake na z-index ya mtoto haiwezi kutoka nje ya mzazi, halafu hata position fixed (ya kugandisha menyu kwenye skrini) inaanza kujipima kwa heda badala ya skrini. Nikiitoa menyu inakaa sawa, ila mteja anaipenda hiyo mbwembwe kuliko hata vitambaa vyake 😅

Sasa niitoe nav (menyu yenyewe) nje ya heda kabisa, au heda niishushe kwa kubadilisha top (umbali wake kutoka juu) badala ya transform? Naogopa simu za bei nafuu zitakwamakwama.

Pia kwenye iPhone linki ya mwisho inafunikwa na ile baa ya chini ya Safari, nimetumia height 100vh (urefu wa skrini nzima, bila kujali hiyo baa). Nikiweka 100dvh (inayofuata sehemu inayoonekana tu), simu za zamani nazifanyaje?

Msiniambie niweke Bootstrap (mkusanyiko wa CSS iliyotengenezwa tayari) tafadhali, ukurasa unatakiwa uwe mwepesi, wateja wana bando za kuungaunga.