Keke Si Upinde

*Kikundi: Wana wa Matondoni*

Binti Mdogo: Asalam aleikum jamaa. Chumba cha makumbusho kimekwisha pakwa chokaa, picha hizo 👆 Rafu ya chini mikeka, ya juu mambo ya majahazi.

Kaka Malindi: Waaleikum salaam. Mashallah. Lakini chumba kimoja nacho ni makumbusho?

Shangazi: Posta ya Mjerumani pale Amu (Lamu) ilifanya kazi 1888 hadi 1891 tu, na ina makumbusho yake mpaka leo. Sisi je, tuliounda majahazi tangu enzi za mababu?

Kaka Malindi: 😂 Yameisha Shangazi.

Ami Fundi: Binti, picha ya tatu. Kibandiko kinasema "Upinde wa vita vya Shela". Nani kaandika?

Binti Mdogo: Mimi Ami. Kwani si upinde? Una kamba.

Ami Fundi: Lo! Hiyo ni keke ya marehemu babu yako, ya kutobolea mbao. Uta wake ni wa kuzungushia. Kamba unaiviringa kwenye msukano, kile kijiti chenye ncha ya chuma, jivu, yaani kishikio cha juu, unalikandamiza kwa kiganja, mkono wa pili unavuta uta mbele na nyuma kama unakata kwa msumeno. Mbao hutobolewa kwanza ndipo msumari uingie, la sivyo inapasuka.

Ami Fundi: Tena litazame lile jivu lilivyobonyea katikati. Kiganja chake hicho.

Binti Mdogo: Wallahi nilidhani limeliwa na mchwa 🙈 Kibandiko nakibadilisha sasa hivi.

Kaka Malindi: Babu na upinde wapi na wapi, hata kuku alikuwa hachinji!

Shangazi: 😂😂😂

Ami Fundi: Usiandike tu. Kesho baada ya alasiri naja na kipande cha mbao, watoto watoboe wenyewe.

Bi Mkubwa: Nani kachukua mbuzi yangu ya nazi?

Binti Mdogo: Bibi, si ulituruhusu? Iko karibu na dirisha, namba 14.

Bi Mkubwa: Niliruhusu mpige picha. Namba 14 hainikunii nazi, na leo wageni wa Siyu wanakula kwangu.

Shangazi: Njoo uchukue yangu, Mama.

Bi Mkubwa: Yako meno yamekufa. Ufunguo wa hicho chumba uko kwa nani? Nazi nishazivunja.

Binti Mdogo: Kwa Ami.

Ami Fundi: Mimi niko Amu mjini, nangoja boti 😬