Disney, Hilton, Marriott au Wyndham: klabu ipi ya likizo inalipa?

MamaWatatu
Hamjambo wandugu. Tupo Minneapolis, na kila Machi shule zikifungwa tunashuka Orlando kuikimbia baridi. Tuko watano na hoteli zinatukamua. Mume wangu anataka tujiunge na klabu ya likizo, yaani unanunua haki ya kulala kwenye vituo vyao kila mwaka. Tunaangalia nne: Disney Vacation Club, Hilton Grand Vacations, Marriott na Wyndham. Ipi ina thamani? Naomba waliomo ndani waseme, maneno ya wauzaji tumeshayasikia.

KobeMkavu
Niko Disney tangu 2016, na nilinunua mtumba kwa mwanachama aliyekuwa anatoka. Kituo changu ni Animal Kingdom Villas. Majengo yake yanaitwa Jambo House na Kidani Village, mgahawa unaitwa Boma, na asubuhi ukifungua mlango wa roshani unamkuta twiga anatafuna majani kama uko Mikumi. Wanangu waliozaliwa Ohio humsahihisha mhudumu anavyotamka "Kidani".

Sasa hesabu. Mkataba wa hapo unakwisha 2057, baada ya hapo huna chako. Unachonunua ni pointi, na kila mwaka unazitumia kulipia vyumba. Chukua mfano wa pointi 150 kwa dola 100 kila moja, yaani 15,000. Zigawe kwa miaka 30 na ushei iliyobaki, kila pointi inakula kama dola 3 kwa mwaka. Ongeza ada ya matengenezo, ambayo kwangu imeshapita dola 9 kwa pointi. Jumla 12 na kitu. Pointi hiyohiyo ukiikodi kwa mwanachama mwingine utatoa kama 20. Faida iko hapo tu, na inaliwa polepole, maana bei uliyonunulia imesimama lakini ada haisimami.

Halafu nyie mko watano. Studio za Kidani ni za watu wanne. Mtahitaji nyumba ya chumba kimoja cha kulala, na hapo pointi zinaruka karibu mara mbili.

DadaWaDallas
Mtumba una masharti yake. Ukinunua leo huingii vituo vingine vya Disney kama Riviera wala Villas at Disneyland Hotel. Walibadilisha Januari 2019. Kobe alipita kabla mlango haujafungwa.

MzeeWaBandari
Wyndham nimeona hati zake eBay kwa dola moja. Dola moja! Anayeuza hivyo hatafuti pesa, anaikimbia ada. Nyingi ya hati zile hazina mwaka wa mwisho kama za Disney, kwa hiyo ada inakufuata mpaka umpate wa kumwachia.

Hilton ilimeza Diamond Resorts 2021, kisha Bluegreen 2024, basi vituo vimekuwa vingi. Ila uliza kwa maandishi: uanachama ninaouziwa mimi unafungua vipi kati ya hivyo? Kubadilishana nje, yaani kulala kwenye kituo kisicho cha klabu yako, Hilton inapitia kampuni ya RCI na Marriott inapitia Interval International. Kwa mtu anayerudi Orlando kila Machi, kubadilishana kunamsaidia nini?

Msafiri_Columbus
Mie nilialikwa chai ya asubuhi ya wauzaji wa klabu hukohuko Orlando. Kampuni siitaji. Walisema dakika 90. Tumetoka saa nane mchana, mtoto kalala kwenye kiti, nami nimeshatia saini mkopo wa riba ya asilimia 17. Usiku nikamwaga karatasi zote kitandani. Haki ya kuvunja mkataba ilikuwa kwenye mfuko wa nyuma wa kabrasha, chini ya picha za bwawa la kuogelea. Sheria ya Florida inakupa siku 10. Siku ya nne nikatuma barua kwa rejista, wakapiga simu mara tatu kunibembeleza, sikupokea. Pesa zilirudi.

Dada, kama lazima uende kwenye hiyo chai, kalamu iache hotelini.

KobeMkavu
Na ukikopa kwa riba hiyo, hesabu yangu ya dola 12 itupe. Mtumba unalipa kwa mwenye pesa taslimu.

MamaWatatu
Nimemsomea yote mume wangu. Ameguna, kisha akauliza kama twiga wanaonekana vyumba vyote.

Tumekubaliana tukodi kwanza. Kobe, una pointi?

KobeMkavu
Hapana, si vyumba vyote. Uombe upande wa mbugani, na unagharimu pointi zaidi.

Za Machi hii mama mkwe ameshazishika. Za mwakani nikumbushe Aprili. Aliyenunua kituo hicho hushika chumba miezi 11 kabla, wanachama wengine husubiri mpaka ibaki 7, na kwa Machi hiyo mara nyingi ni makombo.