MREJESHO: Navigesheni iliyokuwa inatema diski ya ramani

Wakuu nimerudi, ni yule wa gari la Japani ambalo navigesheni (kile kifaa cha ramani cha kwenye dashibodi) ilikuwa inameza diski ya ramani, inaizungusha kidogo halafu inaitema na maandishi ya Kijapani. Asanteni sana mlionijibu. Sidii ya kusafishia lenzi inayosoma diski haikusaidia kitu, nikaona nifuate ule ushauri wa kufungua dashibodi, nikachomoa betri kwanza, nikafuta lenzi taratibu kwa pamba ya masikio na spiriti, aisee vumbi kama unga! Sasa inasoma, ila gari likishinda juani inagoma tena mpaka ipoe, fundi anasema jicho la leza limechoka. Sinunui jicho jingine, ramani yenyewe ni ya Japani tupu, hapa Dar natumia simu.