Gumzo la familia: mti wa Leicester Uingereza, ukuta wa Shangani Zanzibar

Hamid: Assalaam alaykum nyote. Shangazi shikamoo, Ami shikamoo. Kesho nawaita watu wa misumeno. Huu mti wa uani umenitia kiza jikoni, taa nawasha saa sita mchana!

Shangazi: Marahaba mwanangu. Ukate, kuni hizo.

Zuhura: Weee Hamid subiri! Hapo mtaani kwako Stoneygate si eneo la hifadhi ya majengo? Mti ukishazidi kipenyo cha sentimita 7.5, ukipimwa mita 1.5 toka chini, hukati wala hupunguzi tawi mpaka uwaandikie halmashauri, kisha ungoje wiki sita.

Hamid: Mti wangu, uani kwangu??

Zuhura: Wako. Na faini itakuwa yako.

Hamid: Haya nimeupima kwa futi ya cherehani ya mke wangu. Sentimita 71.

Zuhura: Huo mzunguko. Gawa kwa 3.14.

Hamid: 22 na kitu 😩

Zuhura: Umekwisha. Andika barua, haina malipo. Wala si kuomba ruhusa, unawapa taarifa tu. Wiki sita zikipita kimya, kata, una miaka miwili toka siku ya taarifa. Wakitaka ubaki watauwekea amri ya kuulinda, hapo ndo utaanza kuomba ruhusa kwa kila tawi.

Shangazi: Wiki sita kwa mti! Wana kazi hao.

Ami: Dada usicheke. Nimepita kwako asubuhi, mifuko ya saruji barazani ya nini?

Shangazi: Ukuta wa msalani lipu inabanduka. Fundi kasema saruji ndo dawa.

Ami: Dawa ya kuiuwa nyumba! Ukuta ule ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Unafyonza maji, unayatoa wenyewe. Ukiuziba kwa saruji unyevu unabaki ndani, unakwenda kwenye ncha za boriti. Boriti zikioza, dari unaiokota chini. Tafuta chokaa. Na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe umechukua?

Shangazi: Kibali cha lipu ya msala?

Ami: Mji Mkongwe huu, urithi wa dunia tangu 2000. Jumba la Beit al Ajaib lilipoporomoka upande ile Disemba 2020, nani alilia kuliko wote humu?

Shangazi: …

Hamid: 😂😂 Shangazi tuko pamoja, mie barua wewe kibali.

Shangazi: Nyamaza wewe. Mifuko mitano nishailipia.

Zuhura: Dukani hawairudishi?

Shangazi: Ngoja nimtume mtoto.

Shangazi: Minne wamekubali. Wa tano fundi keshaufungua.

Ami: Usiutupe. Banda langu la kuku Bububu sakafu yote vumbi. Nipakilie kwenye daladala.

Shangazi: Kumbe ndo sababu ya maneno yote haya 😒