Filamu za zamani za mauaji na vichekesho: zikatwe au zionyeshwe nzima?

Mleta mada:

Wakuu, nazipenda sana filamu hizi ndiyo maana nauleta mjadala. Nazungumzia zile za Hollywood za miaka ya 1930 na 1940: mtu kauawa, mpelelezi anahoji huku utani ukiendelea, mwishoni muuaji anaumbuliwa mbele ya wote. Kwangu mimi The Thin Man ya 1934 haijapata mpinzani. Mume na mke, William Powell na Myrna Loy, wanataniana kama watu wanaopendana kweli, na washukiwa wanaalikwa chakula cha jioni kinachoandaliwa na polisi waliovaa kama wahudumu.

Shida iko kwa nyingine: zina dhihaka za rangi, na wapo wanaotaka vipande hivyo vikatwe. Charlie Chan, mpelelezi Mchina wa Honolulu, aliigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Alipofariki mwaka 1938 akapokewa na Sidney Toler, Mmarekani mweupe. Keye Luke, Mchina hasa, aliishia kuwa mtoto wa Chan. Kwenye The Ghost Breakers ya 1940, Willie Best ni mtumishi wa Bob Hope, na weusi wa ngozi yake unageuzwa mzaha. Mwaka 2003 Fox Movie Channel ya Marekani iliziondoa filamu za Chan baada ya malalamiko ya Wamarekani wenye asili ya Asia, kisha ikazirudisha zikiambatana na mazungumzo ya kuzijadili.

Mimi nasema zionyeshwe nzima, zikitanguliwa na maelezo. Ukishika mkasi, unamkata nani? Mtazame Mantan Moreland, mwigizaji mweusi anayecheza dereva wa Chan. Skripti inamtaka akodoe macho na kukimbia mizimu, basi. Lakini kwenye Dark Alibi ya 1946 anakutana na mchekeshaji mwenzake, Ben Carter, na wawili hao wanaleta mchezo wao wa jukwaani: mmoja anaanza sentensi, mwenzake anaidaka kabla haijaisha. Ni kama hivi: “Umemwona yule…” “Wapi! Si alishahamia…” “Kule? Nilidhani ana…” “Alikuwa nayo, kaiuza.” Hakuna sentensi inayofika mwisho, na wao wanaelewana kabisa! Kwa dakika hizo chache filamu nzima ni yao. Nimeirudia mara nyingi, na kila mara nacheka na kusikitika kwamba mtu wa kipaji kile alipewa usukani wa gari la bosi na si filamu yake mwenyewe.

Mchangiaji:

Ndugu mleta mada, maelezo ya dakika mbili hayafuti saa nzima ya dhihaka. Mwanangu ana miaka tisa. Yeye haoni historia, anaona mtu wa rangi yake akitetemeka kwa kuogopa kivuli huku mzungu akichekelea. Wewe unakiona kipaji kwa sababu umekitafuta. Wangapi watajisumbua kukitafuta?

Mleta mada:

Mkuu, kwa mtoto nakubaliana nawe moja kwa moja. The Ghost Breakers simwekei mtoto wa miaka tisa, hata na maelezo. Nami nakiri kwamba wengi watacheka pale pale walipotegewa kucheka, na hilo linaniumiza.

Lakini mwaka 1942 Walter White wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, alikwenda Hollywood kudai watu weusi wapewe nafasi za heshima kwenye filamu. Alichokipinga kimo ndani ya filamu hizi. Tukivifuta vipande hivyo, kijana wa kesho ataiona Hollywood safi isiyo na mtu mweusi, na hatajua White alikuwa anagombania nini. Moreland na Best watakuwa wamenyimwa mara mbili: kwanza nafasi nzuri, halafu hata ile ndogo waliyoipata.

Sasa nawauliza mnaotaka zikatwe: kwenye Dark Alibi mngeanzia wapi? Kipande cha Moreland na Carter kibaki, au nacho kiende?